Olonana wa Mbatian: Mwana Aliyetangulia Alfajiri

Sinema za kauboi zilizotengenezwa Marekani kwa fedha kidogo zina kisa kinachojirudia. Mzee mwenye ng'ombe wasiohesabika yu kitandani anakata roho. Wanawe wawili wanang'ang'ania urithi. Majirani wanagawanyika pande mbili. Na wakati ndugu wanawindana mabondeni, reli inasogea, wapimaji wa ardhi wanapigilia vigingi vyao, na serikali ya mbali inangoja tu mmoja wao achoke. Kijana wa Kitengela au wa Entarara anayekesha akitazama kisa hicho kwenye kioo huenda asijue kuwa kiliwahi kutendeka katika ardhi hii hii ya Kajiado, na kwamba hakikuhitaji mwandishi wa sinema. Mwaka 1890 wakuu wa sensa wa Marekani walitangaza kwamba nchi yao haikuwa na mpaka tena kati ya ardhi iliyokaliwa na walowezi na ile waliyoihesabu kuwa tupu. Karibu na mwaka huo huo, Mbatian, oloiboni mkuu wa Wamaasai, alifariki dunia, na mpaka wa namna hiyo ukaanza kufunguka Afrika Mashariki. Aliyeupokea mlangoni alikuwa mwanawe, Olonana, ambaye Waingereza walimwita Lenana.

Ili kumwelewa Olonana, yafaa kwanza kuelewa kiti alichokigombea, maana kutokielewa kiti hicho ndiko kulikowaponza wengi, wakiwemo maafisa wa serikali. Oloiboni hakuwa mfalme. Wamaasai hawakuwa na mfalme wala makao makuu. Walikuwa na sehemu zao zilizojitegemea, yaani iloshon, kama vile Purko, Kaputiei, Matapato, Loita na Keekonyokie, na kila rika la morani lilikuwa na msemaji wake. Oloiboni wa ukoo wa Inkidong'i alikuwa mwaguzi, mganga na mwombezi. Alipiga ramli kwa mawe, akawapa morani dawa na baraka kabla ya kwenda vitani, akaelekeza sherehe za rika zifanywe lini. Aliombwa shauri, naye akalipwa kwa mifugo. Chini ya Supeet, na zaidi chini ya mwanawe Mbatian, heshima hiyo ilipanda hadi ikakaribia kuwa mamlaka, kwa kuwa Mbatian aliziunganisha sehemu nyingi katika vita vya miaka ya 1870 vilivyowavunja Wamaasai wa Laikipia. Hata hivyo, hapakuwa na askari wa kumlazimisha mtu amtii. Nguvu ya oloiboni ilikuwa imani ya watu, na imani, tofauti na ng'ombe, haigawanyiki kwa usawa baina ya warithi wawili.

Simulizi ya namna Olonana alivyopata urithi iliandikwa na Alfred Claud Hollis katika kitabu chake juu ya lugha na ngano za Wamaasai kilichochapishwa mwaka 1905. Mbatian alipohisi kuwa siku zake zimetimia, aliwaita wazee wa Matapato, ambako alikuwa akiishi, akawaonya wasiihame nchi yao, kwani wakihama maradhi mabaya yangewaangamiza wao na mifugo yao na adui mwenye nguvu angewashinda. Akawaeleza pia kwamba mrithi wake angekuwa yule mwana atakayemkabidhi vifaa vya uganga. Kisha akamwita Senteu, mwanawe mkubwa, akamwagiza arudi kesho asubuhi kuvipokea. Olonana alikuwa amejificha katika zizi la ndama. Aliyasikia yote. Kabla ya mapambazuko alikwenda nyumbani kwa babaye na kumwambia kuwa amefika. Mbatian alikuwa mkongwe mno, tena mwenye jicho moja. Katika giza la nyumba hakutambua ni mwana yupi aliyesimama mbele yake. Akampa rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu, mawe ya ramli na mkoba, akambariki awe mkuu miongoni mwa ndugu zake. Senteu alipofika kulipopambazuka aliambiwa kuwa vifaa vimeshatolewa. Aliwaka hasira, akaapa kwamba hatakuwa chini ya mdogo wake.

Msomaji wa Biblia atakumbuka mara moja Yakobo na Esau, na pengine atashuku kwamba kisa kilichotiwa wino katika enzi ya wamishonari kimepakwa rangi ya Kitabu cha Mwanzo. Shaka hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mwanafunzi wa fasihi simulizi anajua pia kuwa ndugu kusalitiana kwa ajili ya kiti ni jambo ambalo halikungoja Biblia ifike. Pwani ya Waswahili ina Fumo Liyongo na ugomvi wake na nduguye Mringwari juu ya utawala wa Pate, ugomvi uliokwisha kwa mwana kumchoma babaye kitovuni kwa sindano ya shaba. Jambo la kustaajabisha katika kisa cha Olonana ni lingine. Simulizi hii iliandikwa yeye akiwa hai na akiwa amekalia kiti hicho, na bado haikuficha kwamba alikipata kwa hila. Huenda waliomuunga mkono hawakuiona hila hiyo kuwa aibu hata kidogo. Mwaguzi ambaye hakujua kilichokuwa kikipangwa katika nyumba ya babake mwenyewe angewezaje kujua yatakayotokea kesho? Kwa mantiki hiyo, kuamka mapema kulikuwa mtihani, na Senteu aliushindwa usingizini.

Urithi wenyewe ulikuwa wa majivu. Miaka hiyo Wamaasai huiita Emutai, yaani maangamizi. Homa ya mapafu ilikuwa imekwisha kuanza kuwaua ng'ombe tangu miaka ya 1880. Mnamo 1890 na 1891 sotoka iliingia kutoka kaskazini ikafagia mazizi. Wafugaji waliolala matajiri waliamka wakiwa na ngozi tu za kuanika. Mwaka 1892 ndui ikafuata, nayo haikuchagua mzee wala mtoto. Wenye njaa walikimbilia kwa majirani wakulima, hasa Wakikuyu, wakaishi kwao kwa hisani, na wengine wakawaweka watoto wao rehani kwa chakula. Utabiri wa Mbatian ulionekana kutimia neno kwa neno, na watu walitaka kujua ni nani mwenye dawa ya kuukomesha.

Hapo ndipo ugomvi wa nyumba moja ulipogeuka kuwa vita vya taifa. Senteu alikwenda kusini na magharibi, kwa Waloita na kwa Wamaasai waliokuwa katika ardhi iliyotwaliwa na Wajerumani. Olonana alibaki upande wa Ngong na Kaputiei, akiungwa mkono na Wakaputiei, Wamatapato, Wapurko na wengineo. Kila upande uliulaumu mwingine kwa uchawi ulioleta maradhi. Kila upande pia ulihitaji ng'ombe, na katika nchi iliyokuwa haina ng'ombe, mahali pa karibu pa kuwapata palikuwa kwa jamaa wa jana. Ndiyo maana itakuwa kosa kuvisoma vita hivyo kama wivu wa wana wawili tu. Wivu ulikuwepo, hata hivyo, uliowapa mikuki ni njaa.

Mambo yalimwendea Olonana vibaya mwanzoni. Mwaka 1894 watu wake walikuwa wamedhoofika kiasi cha kutafuta hifadhi karibu na Fort Smith, ngome ya Waingereza huko Kabete, ambako Francis Hall alikuwa afisa. Hall aliwapokea. Kwa mtazamo wa juu juu huyu alikuwa mkimbizi aliyepiga hodi kwa mgeni mwenye bunduki. Ukitazama kwa makini, walikuwa wanyonge wawili waliokutana. Waingereza hawakuwa na askari wa kutosha wala fedha; njia ya misafara kwenda Uganda ilikatiza moyoni mwa nchi ya Wamaasai, na sifa ya morani kwa ukali ilikuwa bado ikiwatia maafisa hofu. Olonana alihitaji kinga dhidi ya nduguye. Hall alihitaji njia iwe salama. Wala hapakuwa na mkataba ulioandikwa.

Urafiki huo ulijaribiwa Novemba 1895 katika bonde la Kedong. Msafara mkubwa wa wapagazi, wengi wao Wakikuyu pamoja na Waswahili, ulikuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine. Baadhi ya watu wa msafara waliwachokoza Wamaasai waliokuwa karibu nao, na morani wakashambulia. Waliokufa walikuwa mamia. Mfanyabiashara Andrew Dick aliposikia aliwafuata Wamaasai hao, akaua wengi kwa bunduki na kuteka ng'ombe wao kabla ya kuuawa yeye mwenyewe. Kila mtu alitazamia kisasi cha serikali. Badala yake, John Ainsworth aliyechunguza tukio hilo aliona kuwa msafara ndio ulioanza uchokozi, na adhabu ya Wamaasai ikawa ni wale ng'ombe waliokwisha kutekwa. Haki hiyo ilitokana kwa kiasi na unyofu na kwa kiasi na udhaifu, kwani serikali haikuwa na uwezo wa kupigana nao wakati huo. Olonana alipata somo pande zote mbili: bunduki ya mzungu mmoja ilikuwa imeua watu wengi kwa saa chache, na maneno ya mzungu mwingine yalikuwa yamezuia bunduki nyingi zaidi. Tangu siku hizo aliwausia watu wake wasipigane na Waingereza.

Muungano ulilipa, na ulilipa kwa sarafu ambayo mfugaji huithamini. Serikali ilipotuma vikosi kuziadhibu jamii nyingine, wakiwemo Wanandi, morani walifuatana nao wakapewa mgao wa ng'ombe waliotekwa. Kwa njia hiyo mazizi yalijaa tena upesi kuliko ambavyo kuzaana tu kungeweza. Hili husahauliwa na wanaomtaja Olonana kama kibaraka tu. Husahauliwa pia, kwa upande mwingine, na wanaomsifu kama mpenda amani, maana amani yake ilijengwa na mifugo ya majirani. Wafuasi wa Senteu, waliokuwa mbali na chanzo hicho cha utajiri, walianza kumtoka mmoja mmoja. Mwaka 1901 Waingereza walimtambua Olonana kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote, cheo ambacho hakijawahi kuwapo katika mila zao. Mwaka uliofuata, 1902, Senteu alikubali kushindwa, akaja kwa nduguye, na amani ikafungwa.

Lau kisa kingekuwa cha sinema, kingeishia hapo: ndugu wamepatana, jua linazama nyuma ya vilima vya Ngong. Lakini reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, na ililazimu itafutiwe mizigo ya kulipia gharama zake. Kamishna Sir Charles Eliot aliamini kwamba Bonde la Ufa liwe la walowezi wa Kizungu, na mwaka 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro. Malisho bora ya Wamaasai, kuzunguka Naivasha na Nakuru, yalikuwa kando ya reli hiyo hiyo. Serikali ilihitaji mtu mmoja wa kutia sahihi kwa niaba ya taifa zima. Bahati yake ni kwamba alikuwa ameshapatikana. Kiti kilichopiganiwa miaka kumi na miwili, kilichotukuzwa kwa cheo cha kigeni ili kumkomesha Senteu, sasa kikawa kalamu.

Mnamo Agosti 1904 Olonana na viongozi wengine walitia alama ya kidole gumba katika mkataba uliowekwa na Kamishna Sir Donald Stewart. Wamaasai walikubali kuondoka Bonde la Ufa na kuishi katika hifadhi mbili: moja Laikipia kaskazini, nyingine kusini, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Kajiado. Hifadhi hizo zingeunganishwa kwa njia ya mifugo yenye upana wa nusu maili, na sehemu ya Kinangop ingeachwa kwa ajili ya sherehe za tohara. Serikali iliahidi kuwa mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wangalipo duniani. Njia ile ya mifugo haikupata kutengenezwa, na hivyo taifa likakatwa vipande viwili kama kuni.

Inafaa kuuliza Olonana alipoteza nini yeye binafsi katika mkataba huo. Kwa hakika hakuhama. Makazi yake yalikuwa kusini, nako kusini hakukuguswa sana. Waliohamishwa walikuwa Wapurko na wenzao, waliokwenda Laikipia na ng'ombe wao, wakastawi huko, na kadiri walivyostawi ndivyo walivyozidi kumsikiliza msemaji wao, Parsaloi ole Gilisho, na kumsahau oloiboni wa Ngong. Zawadi za mifugo zilizokuwa zikimjia zilipungua. Baadhi ya wanahistoria wanaona kwamba hii ndiyo sababu Olonana hakuupinga mpango wa baadaye wa kuwarudisha wote kusini. Maelezo hayo yana uzito. Mtu aliyepata kiti kwa kumtangulia nduguye angefahamu vyema jinsi wafuasi wanavyoponyoka wakiwa mbali na macho.

Mpango huo ulianza kuzungumzwa walowezi walipoitamani Laikipia nayo. Gavana Sir Percy Girouard aliusukuma kwa haraka. Olonana alifariki tarehe 7 Machi 1911, na maafisa wakatangaza kwamba katika saa zake za mwisho aliwausia watu wake waitii serikali na kuwataka wale wa kaskazini warudi kusini. Wosia huo ulikuwa wa manufaa mno kwa upande mmoja. Haikupita hata mwezi, tarehe 4 Aprili 1911, mkataba mpya ukatiwa alama, na miongoni mwa waliotia ni Segi, mwana wa Olonana aliyekuwa bado kijana, ambaye serikali ilikuwa imemtambua kuwa mrithi. Ahadi ya kudumu ilikuwa imeishi miaka isiyotimia saba. Yawezekana Olonana alisema maneno hayo. Yawezekana aliyasema kwa maana nyingine. Lililo wazi ni kwamba mara ya pili katika ukoo huo maneno ya mzee anayekufa yaliwafikia watu kupitia kinywa cha mwenye haja nayo. Na safari hii, wosia ulipingana na ule wa Mbatian aliyekataza kuhama.

Uhamisho wa kwanza, katikati ya 1911, ulisimamishwa baada ya mvua na baridi ya nyanda za juu za Mau kuua mifugo na watu. Ukaendelea tena 1912 na kumalizika 1913. Hesabu za serikali zilitaja watu wapatao 10,000. Watafiti wa baadaye wanaona kuwa idadi hiyo ni ndogo mno. Ole Gilisho, aliyekuwa ametia alama mwaka 1904, aliupinga uhamisho huu kadiri alivyoweza, kisha Wamaasai wakafanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia kutoka kwa watu walioitwa washenzi: walimwajiri wakili wakaishtaki serikali. Kesi ya ole Njogo na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu iliamuliwa Mei 1913, na rufani ikatupwa Desemba mwaka huo. Mahakama ilisema kuwa Wamaasai walikuwa taifa la kigeni lililofunga mkataba na Mfalme, hivyo mahakama za nchi hazikuwa na mamlaka ya kuusikiliza ugomvi huo. Wakati wa kuhamishwa walihesabiwa raia watiifu. Wakati wa kulalamika wakawa wageni. Girouard mwenyewe alikuwa amejiuzulu mwaka 1912, baada ya kubainika kuwa hakuieleza London ukweli wote juu ya ahadi za ardhi ya Laikipia.

Hukumu juu ya Olonana imekuwa ngumu tangu wakati huo. Wanaomlaumu hueleza kwamba aliuza nchi. Lakini nchi haikuwa yake aiuze, na hilo ndilo kosa la msingi lililofanywa kwa makusudi au kwa ujinga: kumfanya mwaguzi kuwa mfalme, kisha kumdai sahihi ya kifalme. Wanaomtetea huonyesha kwamba jamii zilizopigana, kama Wanandi, zilipoteza ardhi vile vile na damu juu yake, ilhali Wamaasai walitoka katika maangamizi wakiwa na mifugo mingi. Utetezi huo una nguvu kwa miaka kumi ya kwanza. Kwa ile iliyofuata unadhoofika, kwa sababu Olonana aliendelea kuuegemea muungano baada ya faida yake kwa watu kwisha na faida yake kwa nyumba yake kubaki. Alimwogopa nduguye kwa muda mrefu mno. Alipopata nafasi ya kuacha kumwogopa, mwaka 1902, tayari alikuwa amezoea kumtegemea aliyemlinda.

Ardhi waliyorundikwa wote baada ya 1913 ilikatwa tena na tena. Reli ya Magadi ilipita katikati yake na mji wa Kajiado ukakua kandoni. Baada ya sheria ya mwaka 1968, nyanda za Kaputiei na Matapato ziligawanywa kuwa ranchi za vikundi, kisha ranchi zikagawanywa kwa hati za mtu mmoja mmoja, na Kitengela ikaingiwa na nyua za seng'enge na nyumba za mawe. Mabaraza ya wazee na mahakama za Kajiado zimesikiliza kesi nyingi za ndugu wa tumbo moja wanaogombania hati aliyoiacha baba. Mnamo Agosti 2004, miaka mia moja baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana wakidai ardhi ya Laikipia irudishwe. Serikali iliyakataa madai hayo, na polisi waliwatawanya wachungaji walioingiza mifugo katika mashamba makubwa.

Jina la Olonana limebaki katika umbo la Kizungu. Shule iliyoitwa Duke of York ilipewa jina la Lenana baada ya uhuru, na ipo barabara ya Lenana jijini Nairobi. Halford Mackinder, aliyekuwa mzungu wa kwanza kufika kilele cha Mlima Kenya mwaka 1899, aliviita vilele vyake kwa majina ya ukoo huu: Batian, chenye mita 5,199, ni cha baba, Nelion kando yake ni cha Neilieng, nduguye Mbatian, na Lenana, chenye mita 4,985, ndicho ambacho wapandaji wengi hufika alfajiri bila kamba. Upande wa kaskazini wa mlima, mbali kidogo na vile vitatu, kipo kilele cha Sendeyo chenye mita 4,704. Hicho ni cha Senteu.